Kiti cha Kushoto cha Gari la Renzo

Nyie vijana mnaopita hapa Musoma na pikipiki, mmelala juu ya tangi kama mjusi juu ya jiwe, hebu zimeni kidogo mnisikilize. Mnaniona mama mtu mzima, miwani usoni, goti bovu, mnanipigia honi nitoke njiani. Sawa, natoka. Ila mjue mnampigia honi mtu aliyewahi kupita Kiabakari kwa mwendo ambao kuku wa pale hawajausahau.

Naitwa Nyangeta. Kazi yangu ilikuwaga kukaa kiti cha kushoto cha gari la mashindano na kumwambia dereva njia inaelekea wapi kabla hajafika. Siku hizi mna simu inayosema "geuka kushoto" kwa sauti ya upole kama ya karani wa benki. Simu hiyo haijawahi kusema "geuka kushoto" huku imeuma ulimi, chai ya asubuhi imepanda kooni, na gari linaruka tuta magurudumu yote yako hewani. Mimi nimesema.

Dereva wangu alikuwa Mwitaliano, jina lake Renzo. Wazee wa kwetu walimwita Mzee Lenzo, naye aliitika tu. Alikuja nchi hii akiwa tayari na nywele nyeupe, kwenye mashindano marefu ya magari, akapinduka mtaroni karibu na Bunda. Wakulima wa pamba walimvuta kwa maksai. Gari likawa linasubiri kipuri kutoka kwao Italia, na kipuri chenyewe kilichelewa hivi kwamba kilipofika Renzo alikuwa ameshapanda nyanya, ameshafungua gereji Musoma, na ameshazoea kula sato kwa mikono. Akakipokea kipuri kwa heshima zote, akakiweka kabatini, hakuondoka tena.

Kiswahili alijifunza kwa masista aliokuwa akiwatengenezea magari. Kwa hiyo alikiongea kama mtu anayesali. Boliti ikikatika: "Ole wangu!" Injini ikiwaka: "Aleluya!" Mteja akikataa kusikia ushauri: "Amin, amin nakuambia, oili hii ni chafu." Kuna dereva mmoja wa lori aliogopa kabisa kurudi pale gereji, alidhani atatubishwa.

Nilivyompata ni hivi. Nilikuwa konda wa basi la Musoma na Bunda. Siku moja basi letu liliharibika mbele ya gereji yake, abiria wakaanza kushuka mmoja mmoja kutafuta usafiri mwingine. Nikasimama mlangoni nikaita. Niliita tu, kama kawaida yangu. Renzo alikuwa chini ya gari, ng'ambo ya barabara, mashine ya kuchomelea inawaka pembeni yake. Akatoka mbio na uso mweusi wa grisi.

"Nani amelia?"

"Sijalia, Mzee. Naita abiria."

"Nilikuwa chini ya gari, mashine inapiga kelele, nikasikia kila neno." Akanitazama kama mtu aliyeona muujiza. "Mama, unajua kusoma?"

Nikamwambia najua. Akaniambia nimekuwa navigeta. Sikujua navigeta ni nini. Nilifikiri labda ni cheo cha kanisani.

Nilipokwenda Butiama kumuaga mama yangu, nilimweleza kazi mpya: tunakaa wawili ndani ya gari, tunakimbia kadiri tunavyoweza.

"Mnamfukuza nani?" akauliza.

"Hatumfukuzi mtu, mama."

"Basi nani anawafukuza?"

"Hakuna."

Akachambua mchicha wake. Kisha akasema, "Rudi kwenye basi, mwanangu. Huko angalau mna pa kwenda."

Sasa niwaambie siri za kazi, maana mtu asije akadhani ni kupiga kelele tu. Kabla ya mashindano mnapita njia polepole, dereva anataja kona, wewe unaandika. Siku yenyewe unamsomea. Wazungu wanatumia namba: kona moja kali, kona sita nyepesi. Mimi namba zilinishinda. Nilikuwa nikisema "tatu" naye anafikiri gia, anafikiri kona, anafikiri saa. Tulilima shamba la mihogo la watu mara mbili. Ndipo nikatunga maneno yangu. Kona kali ni kiwiko. Kona ya wastani ni goti. Kona nyepesi ni bega. Bonde ni beseni, na kilima kinachoficha mbele ni nundu. Renzo akayapenda siku ile ile. Sema mapema, sema kifupi, na usiseme kamwe "nadhani". Dereva aliye kwenye gia ya tano hana mahali pa kuiweka "nadhani" yako. Na asubuhi ya mashindano usile viazi vitamu. Hilo msiniulize.

Makosa? Nimefanya. Yule asiyekosea kazi ya kiti cha kushoto hajawahi kukikalia. Siku moja nilifunua kurasa mbili kwa pamoja. Nikasoma "kiwiko kulia," Renzo akakunja kulia, na kweli kulikuwa na nafasi kulia, ila ilikuwa njia ya kuingilia nyumbani kwa mtu. Tukatokea uani, katikati ya wazee waliokuwa wamekaa kwenye viti wakijadili mahari. Vumbi likatulia taratibu. Mzee mmoja akatutazama, akatazama kofia zetu ngumu, akasema, "Hawa ni upande wa bwana harusi?"

Renzo akavua kofia, akasema, "Heri kwenu nyote." Basi kwisha. Waliposikia baraka hiyo hawakukubali tuondoke bila kula. Renzo alijaribu kueleza kwamba yuko kwenye mashindano, wakamwambia mashindano yapo tu, ugali unapoa. Tulipotoka pale magari mengine yalikuwa yameshafika, madereva wameshaoga.

Ila hiyo si mara ya pekee kutomaliza. Hapo ndipo penye hadithi ya Renzo yenyewe. Mtu huyu alikuwa na kasi ya ajabu, na katika maisha yake yote hakuwahi kumaliza mashindano. Hata mara moja! Kwao Italia alianza kijana, kwenye barabara za lami zinazozunguka, akawa anatangulia wote, halafu injini inapasuka. Au tairi inachomoka. Au yeye mwenyewe anachomoka. Huko walimpa jina la utani, maana yake kwa Kiswahili ni Nusu. Alinieleza hilo akicheka, tumekaa gereji tunakula furu wa kukaanga, kisha akaacha kucheka akawa anatazama samaki wake.

"Nimeongoza nchi nyingi, Nyangeta. Mstari wa mwisho nimeuona nikiwa nimesimama kando, kwa miguu, kama mtazamaji."

Huku Mara ikawa vilevile. Tulikuwa na fundi wetu, Masatu, Mjita wa Kibara, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa kama kasia. Masatu alifunga gari lile jeupe vizuri kuliko yeyote kanda ya ziwa, na Renzo alilivunja vizuri kuliko yeyote. Kila mara Masatu alilipokea likiwa limevutwa na trekta, analizunguka, anasema, "Safari hii angalau milango ipo."

Renzo ndiye aliyenifundisha kuendesha. Tulikuwa tukienda kwenye barabara za vumbi nje ya mji, mimi kulia yeye kushoto, naye anafumba macho. Nikaudhika. Nikamwambia, "Mzee, mwalimu gani analala?" Akasema halali, anasikiliza. "Injini inakulilia. Mpe tatu. Sasa amefurahi. Sasa anachoka, usimchoshe." Nilidhani ni mbwembwe za kizungu. Baadaye nikapata leseni, na ile ya mashindano pia, nami nikaanza kuisikia injini ikifurahi.

Ila tulikuwa tumeanza kuona mambo. Asubuhi moja alilisalimia gunia la mkaa lililosimama mlangoni: "Habari ya asubuhi, mama." Masatu akacheka mpaka akakaa chini. Renzo akacheka pia. Akasema jua lilimpiga machoni. Siku ile kulikuwa na mawingu.

Mwaka ule wa mwisho wenye mashindano walitoa tangazo kwamba umri wake umefika kikomo. Ajiandikishe mara hii moja, basi. Njia ilikuwa kutoka Musoma hadi Bunda, kushuka Kibara ziwani, kurudi Bunda, kisha Kiabakari, na kumalizia Butiama. Renzo aliosha gari mwenyewe. Alikata nywele. Jumapili alikaa kanisani baada ya misa watu wote wametoka, nami nikamsubiri nje, nikajua anaomba nini.

Tulianza vizuri mno. Bunda tulifika wa kwanza. Kibara tulifika wa kwanza, watu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanapiga makofi, Masatu amesimama na ndugu zake kifua mbele. Nikawa nasoma, yeye anakunja: goti kushoto, beseni, bega kulia, nundu. Kila neno langu lilikuwa linageuka kuwa kona. Vijana, hakuna raha kama ile.

Tulikuwa tumeanza kurudi kuelekea Bunda. Nikasema, "Njia nyoofu, kanyaga." Akakanyaga. Nikainua macho kwenye karatasi. Mbele yetu, upande wa kushoto, ng'ombe amesimama barabarani. Si ndama. Ng'ombe mzima, mweusi, mwenye pembe kama usukani wa baiskeli. Ukungu haupo, vumbi halipo, jua liko kichwani. Na Renzo anaongeza mwendo.

Nikavuta breki ya mkono. Gari likazunguka, likazunguka tena, likasimama kiubavu. Ng'ombe akapiga hatua moja, akaingiza pua kwenye dirisha langu.

"Kwa nini umevuta?" Renzo akafoka. "Gari ni zima!"

"Hukumwona, Mzee?"

"Nani?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

Ng'ombe huyo wakati huo alikuwa ananipumulia shingoni. Nikamtazama Renzo usoni. Macho yake yalikuwa wazi, yananielekea, na hayakuwa yananiona. Nikakumbuka gunia la mkaa. Nikakumbuka kwamba siku hizi anauliza "nani?" mtu akiwa hatua mbili mbele yake. Nikazima injini, nikachomoa funguo.

"Tangu lini, Mzee?"

Akagusa jicho moja, kisha jingine. "La kushoto zamani. La kulia, mwaka huu." Kisha akasema haraka, kama mtoto anayejitetea, "Lakini njia naiona kwa masikio! Wewe unasema, mimi nakunja. Umewahi kukosea kona nikaanguka? Wewe ndiye macho yangu, Nyangeta."

"Ng'ombe hayupo kwenye karatasi yangu, Mzee. Wala mtoto wa shule hayupo. Wala mama mwenye ndoo kichwani. Mimi nasoma kona, sisomi watu."

Magari mawili yakatupita yakipiga honi. Ng'ombe akaondoka kwa wakati wake. Renzo alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, gari limezimwa, na vidole vimekuwa vyeupe. Mimi nimeshaona wanaume wakilia msibani, nimeona wakilia ng'ombe wao wakiibwa. Kulia kule kwa Renzo hakukuwa na sauti. Nilitazama nje.

Mwishowe akafungua mkanda. Akafungua mlango, akashuka, akalizunguka gari kwa mbele mkono wake ukiwa juu ya boneti, akaja upande wangu. Akagonga kioo.

"Sogea," akasema. "Au hapana. Toka, uende kule. Kanuni zinaruhusu, wote tuna leseni."

"Mzee, mimi si mtu wa mbio."

"Nimekuwa na watu wa mbio maisha yangu yote. Nipeleke Butiama."

Basi nikakaa kulia. Karatasi asingeweza kuzisoma, akazikunja akaziweka mfukoni, akafumba macho, akaanza kusikiliza. "Mpe tatu. Vizuri. Mpe nne, usiogope, anafurahi." Kona nilizikumbuka kwa kichwa, nilikuwa nikijisomea mwenyewe kwa sauti: "Kiwiko kulia, Nyangeta. Taratibu, Nyangeta." Watu wa Bunda waliponiona kulia na Renzo kushoto amefumba macho, uvumi ulienea kwamba Mwitaliano amefariki njiani na navigeta anawahi kumfikisha.

Kiabakari ndipo gia zilipokufa. Nilisikia kitu kama sufuria lenye mawe. Masatu alikuwa anatusubiri pale na vifaa. Akaingia chini ya gari, akatoka, akajifuta mikono muda mrefu.

"Gia za mbele zimekwisha zote," akasema. "Imebaki ya kurudi nyuma."

Renzo akaweka mikono kichwani. "Ole wangu. Nusu tena."

Masatu, mtu ambaye utani wake ulikuwa mmoja kwa mwaka, akasema, "Basi labda mrudi nyuma mpaka Butiama."

Akacheka peke yake. Mimi na Renzo hatukucheka. Renzo aligeuza uso kwangu taratibu. "Butiama ni kwenu. Njia unaijua?"

"Naijua hata kwa kisogo."

"Amin," akasema Renzo.

Vijana wa pikipiki wa pale walitusaidia kulisukuma tukaligeuza, makalio yakaelekea Butiama. Nikaingiza gia ya nyuma, nikapindisha shingo, tukaondoka. Enyi vijana, kuendesha kinyumenyume uani kwenu si sawa na kuendesha kinyumenyume kupanda Butiama kwenye mawe. Usukani unakuwa mjinga: ukiukunja kidogo, pua ya gari inakwenda kucheza ngoma peke yake. Siri ni kukunja nusu ya unavyotaka na kusubiri. Na injini inachemka upesi kwa sababu upepo wa mbele haipati. Mara kwa mara Renzo alisema, "Anaumwa, mpumzishe," tunasimama, akina mama wanatupa maji ya ndoo, wanauliza mbona tunatazama tulikotoka.

Karibu na nyumbani nikamwona mama yangu amesimama kando ya njia na jirani zake. Alikuwa amesikia uvumi wa Bunda, amekuja kumlilia mgeni. Akaona gari linakuja makalio mbele, mimi nimetoa kichwa dirishani, mgeni yuko hai, amefumba macho anatabasamu. Sauti yangu niliirithi kwake, kwa hiyo nilimsikia vizuri sana:

"Si nilisema wanafukuzwa! Tazameni, hata hawataki kumpa mgongo huyo anayewafukuza!"

Mwisho wa mashindano ulikuwa uwanjani, mstari wa chokaa chini. Mkuu wa waamuzi alikuwa Mwalimu Bwire, mwalimu mkuu mstaafu, mtu aliyewahi kumrudisha mtoto nyumbani kwa kukosa kifungo kimoja cha shati. Washindi walikuwa wameshapewa kombe, vijana wake wanakunja turubai. Muda ulikuwa bado haujafungwa, lakini hakuna aliyetarajia mtu. Nikavuka mstari, nikasimama.

Msaidizi wake akapinga pale pale. "Mwalimu, hii haihesabiki. Gari limeingia kinyume!"

Mwalimu Bwire akavaa miwani. Akafungua kitabu cha kanuni, akasoma kimya, mdomo unacheza. Mimi nilikuwa siwezi hata kugeuza shingo, nilimwangalia kwa kioo cha pembeni.

"Kanuni inasema gari livuke mstari kwa nguvu ya injini yake, na wahusika wote wawili wakiwa ndani," akasema. "Haisemi litangulize uso. Lete bendera."

Akaipunga mwenyewe, amevaa koti lake la suti.

Renzo alinishika mkono. "Tumevuka?"

"Tumevuka, Mzee."

"Wa ngapi?"

"Wa mwisho kabisa."

"Wa mwisho," akarudia, kama mtu anayeonja asali. Akashuka, akainama, akapapasa ardhi mpaka akaipata chokaa. Akaijaza kiganjani. Jioni ile nyumbani kwa mama yangu alikataa kunawa mkono wa kulia, akala ugali kwa kijiko, na mama akamsamehe kwa sababu ni mgeni.

Siku zilizofuata tulimpeleka hospitali kwa madaktari wa macho, mimi na Masatu tumemshika huku na huku asije akabadili nia. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wakamsafisha moja, kisha la pili. Walipomfungua bandeji alinitazama muda mrefu, akasema, "Nyangeta! Kumbe umezeeka!" Nikamwomba muuguzi amletee kioo na yeye ajione, tuwe sawa.

Gereji alilizunguka gari jeupe. Upande wa kushoto wote, kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma, ulikuwa umebonyea na kukwaruzwa kama ngozi ya mamba. Akamgeukia Masatu, ameshtuka kweli. "Nani amelifanya hivi?"

Masatu akaendelea kufunga nati yake. "Wewe, Mzee. Kidogo kidogo."

Asubuhi moja daktari alipomruhusu kushika usukani, Renzo akasema twende Kibara kununua sato. Musoma samaki wapo tele, lakini sikumbishia. Nilikaa kushoto, mikono mapajani, bila karatasi. Akaendesha. Nyie, sijawahi kuona mwendo kama ule. Baiskeli zilitupita. Lori la pamba lilitupita. Kila baada ya muda anasimamisha gari kando: "Kumbe pale kuna mlima!" Ulikuwa mlima wa Balili, ameupita miaka na miaka. "Kumbe maua ya pamba ni ya njano!" Alisimama kumtazama mama mmoja akianika dagaa, mpaka mama akauliza kama ana shida. Mimi nilikuwa naangalia jua linavyopanda, najua mitumbwi imeshaingia, nataka kusema "kanyaga, Mzee," na kila nikimtazama usoni nafunga mdomo.

Kibara tulikuta sato wameisha.